Pedi ya mishale niliyoitengeneza nyumbani: mshale wa kulia unakwama na hatua za kuruka zinapotea

Mwana wa Bandarini (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mwezi uliopita niliamua kuwatengenezea wanangu wawili pedi ya kuchezea StepMania, ile programu ya bure inayofuata mtindo wa Dance Dance Revolution, ambapo mishale hupanda kwenye kioo na mchezaji hukanyaga mshale unaolingana nao kwa kufuata mdundo. Zulia laini la plastiki tulilokuwa nalo lilichanika baada ya wiki chache tu, na kwa kuwa binti yangu mkubwa anaupenda mchezo huu kwa moyo wote, sikutaka kumwona anarudi kubonyeza vitufe kwa vidole.

Kitako cha pedi ni plaiwudi ya milimita 18, yenye upana wa sentimita 90 kila upande. Nimekigawa katika miraba tisa ya sentimita 28, na kati ya hiyo ni minne tu inayofanya kazi: juu, chini, kushoto na kulia. Katika kila mmoja wa miraba hiyo minne nimepigilia bati jembamba la alumini kwenye kitako, na juu yake nimelaza kipande cha plaiwudi ya milimita 9 kilichogundishwa bati jingine upande wa chini. Kati ya mabati hayo mawili, pembezoni, kuna vipande vya sponji ya godoro, ili mtu akikanyaga mabati yagusane na akiinua mguu yaachane. Alumini ilikataa kabisa kushika risasi ya kulehemia, kwa hiyo nyaya nimezibana kwa skrubu, kisha nikazipeleka kwenye bodi niliyoichomoa ndani ya kibodi ya zamani.

Siku mbili za mwanzo pedi ilifanya kazi vizuri sana. Sasa kuna matatizo matatu. La kwanza, mshale wa kulia hubaki umewaka hata pale ambapo hakuna mtu aliyeukanyaga, na hali hiyo huanza baada ya kucheza kwa dakika kama 20. La pili, mshale wa chini hukanyagwa mara moja lakini huhesabiwa mara mbili. La tatu, ambalo ndilo linalomkatisha tamaa binti yangu, ni kwamba hatua za kuruka, zile zinazotaka mishale miwili kwa pamoja, hupotea, na anahesabiwa kukosa ilhali mimi mwenyewe nimeiona miguu yake ikitua mahali panapostahili.

Nimeshauriwa niachane na bodi ya kibodi, ninunue Arduino Leonardo, bodi ndogo ya kielektroniki inayoweza kuandikiwa programu ijifanye kibodi. Kabla sijatoa fedha, naomba kuelekezwa: kosa liko kwenye bodi, kwenye nyaya au kwenye mbao?

Fundi Mstaafu (Morogoro)

Mwanangu, umeeleza vizuri, na maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayomwezesha fundi kusaidia akiwa mbali. Ninakuomba usinunue chochote kwanza.

Kibodi haina waya wa peke yake kwa kila kitufe. Vitufe vimepangwa katika safu za mlalo na safu za wima, na bodi hutambua kitufe kilichobonyezwa kwa kuangalia ni mlalo upi uliokutana na wima upi. Kwa mishale yako minne, bila shaka ulitumia nyaya mbili za mlalo na mbili za wima, na pale zinapopishana ndipo ulipopata pembe nne. Vitufe viwili vikiwaka, bodi haina shaka yoyote. Vitatu vikiwaka kwenye pembe za mraba huohuo, umeme hupata njia ya kuzungukia nyuma hadi pembe ya nne, na bodi haiwezi tena kujua kama cha nne kimebonyezwa kweli au la. Kibodi nyingi zimetengenezwa kuitambua hatari hiyo, nazo hukataa kupokea kitufe cha tatu.

Sasa yaunganishe mambo mawili uliyoyaeleza mbalimbali. Mshale wako wa kulia umekwama, na kwa bodi huo ni mguu ambao haujainuka. Binti akiruka juu na chini, vitufe vinavyowaka ni vitatu, na mmoja unakataliwa. Akiruka kushoto na kulia, wa kulia ulikwisha kuwaka zamani, na kwa kuwa programu huhesabu ule wakati wa kukanyaga na si muda mguu unaokaa hapo, haioni hatua mpya. Kwa hiyo tatizo lako la tatu si tatizo la peke yake, bali ni mtoto wa lile la kwanza. Ushahidi wake ni rahisi kuupata: mshale wa kulia ukishakwama, chomoa waya wake, kisha mwambie binti aruke juu na chini. Hatua zikirudi, bodi yako ni nzima.

Baada ya hapo chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, uiweke kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani (jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita), ukaguse bati la juu na bati la chini la kila mshale, nyaya zake zikiwa zimechomolewa kwenye bodi. Pima pedi ikiwa tupu, kisha pima ikiwa imekanyagwa, na utuandikie namba zote nane kama zilivyo. Usitoe maoni yoyote juu ya namba hizo, ziandike tu. Upime pia asubuhi pedi ikiwa imepumzika, na jioni baada ya mchezo.

Seremala wa Gikomba (Nairobi)

Hujambo ndugu wa Tanga. Fundi ameshika upande wa umeme, na mimi ningependa kugusia mbao na sponji, kwa sababu nimetengeneza pedi tatu za aina hii na ya kwanza ilinitesa sana.

Sponji ya godoro ina matundu yaliyo wazi, na ikikanyagwa mara nyingi huchoka, ikabaki imelala. Kitu kinachofaa ni povu lenye matundu yaliyozibwa, kama lile la mikeka ya mazoezi au lile ambalo malapa hukatwa kutokana nalo, kwa sababu halinyonyi maji na hurudi lilivyokuwa. Hata hivyo ni gumu kuliko sponji, kwa hiyo ukilizungushia pembezoni mwote mtoto mwepesi atashindwa kuyagusanisha mabati. Mimi hukata vipande vidogo vya sentimita 2 kwa 2, vyenye unene wa milimita 3, nikaweka kimoja kila pembe na basi. Ukiwa na shaka na povu ulilolipata, lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa usiku mmoja, kisha ulikamue asubuhi. Likitoa maji, liache.

Jambo jingine ni ule ubao wa juu. Kipande cha plaiwudi kikikaa huru hunyanyuka upande mmoja pale unapokanyaga upande wa pili, na mguso unakuwa wa bahati. Kwenye mashine za Dance Dance Revolution za kampuni ya Konami, zilizoingia kwenye kumbi za michezo nchini Japani mwaka 1998, kila mshale una vihisi vinne, kimoja kila ukingo, na ndiyo maana mtu anaweza kukanyaga ncha ya mshale na bado ukahesabiwa. Sisi wa nyumbani tunaweza kuufuata mpango huo kwa njia rahisi: badala ya bati moja kubwa katikati, weka tepe nne za bati kando ya kingo nne, uziunganishe zote kwenye waya mmoja. Ukingo wowote ukigusa, hatua inahesabiwa, na katikati ya ubao hapahitaji kupinda kabisa.

Hatua Nne (Unguja)

Nina neno fupi la tahadhari kwa wengine watakaosoma hapa. Watu wengi hununua adapta ya kuunganishia zulia la PlayStation kwenye kompyuta, na baadhi ya adapta hizo huichukulia mishale minne kama mkono wa kuendeshea, yaani huwezi kuwa kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Ukiruka kushoto na kulia, pande mbili zinafutana na programu haioni kitu. Muulize muuzaji kama adapta inaipeleka mishale kama vitufe vinne vinavyojitegemea, na kama hajui, omba uijaribu kabla ya kulipa.

Pia, ndugu Mwana wa Bandarini, ndani ya StepMania kuna ukurasa wa kujaribu vifaa, ambao humulika mshale kila unapopokelewa. Tumia ukurasa huo wakati wa uchunguzi, usitumie wimbo. Wimbo unakuchanganyia kosa la pedi na kosa la muda. Kama hatua zote, za mishale yote, zinahesabiwa kuchelewa kwa kiasi kilekile, chanzo ni sauti au televisheni kutokwenda sambamba, na hilo hurekebishwa kwenye programu bila kufungua skrubu hata moja.

Mwana wa Bandarini (Tanga)

Shikamoo Fundi, na asanteni sana nyote. Nimefanya kama mlivyoniagiza.

Kwanza, nilichomoa waya wa mshale wa kulia ulipokwama, na hatua za juu na chini zikarudi zote. Binti alirudia mara 30, nami nikahesabu 30.

Namba za asubuhi, pedi ikiwa tupu: juu, chini na kushoto, multimita haikuonyesha mguso wowote. Kulia ilionyesha omu 9,000 hivi. Pedi ikiwa imekanyagwa: juu omu 2, kushoto omu 3, kulia omu 2. Chini namba haikutulia, ilikuwa ikicheza kutoka omu 15 hadi zaidi ya 3,000 kadiri nilivyokuwa nikihamisha uzito.

Namba za jioni, baada ya mchezo wa nusu saa: mengine hayakubadilika, lakini kulia pedi ikiwa tupu ilishuka hadi omu 4,000.

Nilidhani bati la kulia limepinda na linagusana na la chini, nikalifungua, lakini yote mawili yamenyooka.

Fundi Mstaafu (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Namba hizo ni nzuri mno, maana zimenikanusha. Mimi nilikuwa nikishuku kama wewe kwamba bati limepinda, lakini bati likigusana na bati ungepata omu chache tu, kama ulizozipata ulipokanyaga. Omu 4,000 si chuma kwa chuma. Kuna kitu kingine kati ya mabati hayo kinachopitisha umeme kidogo, na kwa pedi yenye sponji ya godoro katika mji wa pwani, kitu hicho ni maji yenye chumvi. Kamua sponji ya upande wa kulia, uiangalie. Je, upande huo uko karibu na mlango, au ndipo panapopigiwa deki?

Nitaeleza pia kwa nini inakwama baada ya dakika 20. Sponji yenye unyevu ikikandamizwa mara mia kadhaa, maji husambaa hadi kwenye mabati yote mawili, sponji yenyewe hulala, na njia ya umeme inakuwa pana na fupi. Ukinzani unashuka, na ukishavuka kiwango ambacho bodi ya kibodi inakihesabu kuwa mguso, mshale unawaka na hauzimiki.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini kuhusu ile Leonardo. Bodi hiyo, kwa kutumia vikinzani vya ndani vya kuvuta juu kama wengi wanavyofanya (yaani vile vinavyoishikilia kila pini, pale waya unapoingia, kwenye volti 5 hadi mguso uishushe), isingekuponya. Vikinzani hivyo vina kati ya omu 20,000 na 50,000. Ukiweka unyevu wa omu 4,000 chini yake kwenye volti 5, pini itabaki na volti 0.83 ikiwa kikinzani ni cha 20,000, na volti 0.37 ikiwa ni cha 50,000. Kote kuwili bodi itasema kitufe kimebonyezwa. Ungetoa fedha, ungefungua na kufunga upya, na mshale wa kulia ungekwama vilevile. Lakini ukiongeza kikinzani cha nje cha omu 1,000 kutoka kwenye volti 5 hadi kwenye kila pini, hesabu inageuka: kwa unyevu uleule pini inabaki na volti karibu 4, na bodi inajua kwamba hakuna mguu. Mguu halisi, wenye omu 2 au hata 20, unaishusha hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo kama utanunua bodi, nunua na vikinzani vinne vya omu 1,000.

Faida halisi ya bodi hiyo ni nyingine: kila mshale unapata pini yake, na suala la kitufe cha tatu kukataliwa linakwisha. Pia, kibodi nyingi za kawaida hutoa taarifa kila baada ya milisekunde 8, na katika mpangilio wa kawaida wa StepMania daraja la juu kabisa ni milisekunde 22.5 kabla au baada ya mdundo. Milisekunde 8 katika nafasi hiyo si kidogo kwa mtoto anayetafuta alama kamili.

Tukija kwenye mshale wa chini, hiyo namba inayocheza kutoka 15 hadi 3,000 ni mguso mchafu. Fungua skrubu inayobana waya, uangalie chini yake. Nina hakika utakuta unga mweupe. Waya ni shaba, bati ni alumini, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Zaidi ya hapo, alumini yenyewe hujivika utando mwembamba sana usiopitisha umeme mara tu inapokutana na hewa, na utando huohuo ndio uliozuia risasi yako kushika. Mguu ukitua, mguso unadundadunda juu ya utando huo, unakatika na kurudi, na programu inaona hatua mbili.

Lisugue kwa msasa mkavu, bana waya kwa kishikizo kilichopakwa madini ya bati (tin) badala ya kuuzungushia skrubu ukiwa uchi, kisha paka grisi kidogo juu ili hewa isifike. Au fanya ninavyofanya mimi: achana na alumini, tumia bati la debe la mafuta ya kupikia. Lile ni chuma kilichopakwa madini hayohayo ya bati, linashika risasi bila ubishi na linakatika kwa mkasi wa fundi bati. Ila angalia upande wa ndani, kwa maana madebe mengine yamepakwa rangi ya kukinga chakula, isiyoonekana vizuri kwa macho. Isugue hadi multimita ikuonyeshe omu chini ya 1 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Seremala wa Gikomba (Nairobi)

Naomba kuongeza moja juu ya kudundadunda, kwa yeyote atakayeandika programu yake kwenye Arduino. Wengi huandika kwamba bodi isubiri milisekunde 10 ili ijiridhishe kabla ya kutuma hatua, na hivyo hujichelewesha wenyewe bila sababu. Tuma hatua papo hapo mguso wa kwanza unapotokea, kisha uzipuuze kelele zote kwa milisekunde 5 hadi 10 zinazofuata. Kuchelewa kidogo wakati wa kuinua mguu hakumwumizi mchezaji kama kuchelewa wakati wa kukanyaga.

Lakini usiitumie programu kuficha mguso mchafu. Msasa kwanza.

Mwana wa Bandarini (Tanga)

Fundi, umeona ukiwa Morogoro jambo ambalo mimi sikuliona nikiwa nimepiga magoti juu yake. Upande wa kulia wa pedi ndio unaoelekea mlangoni, na asubuhi nyumba ikipigwa deki maji hupita chini ya kitako. Nilipoikamua ile sponji, yalitoka matone, nayo nilipoyaonja kwa ncha ya ulimi yalikuwa na chumvi na sabuni. Niliianika sponji juani tangu saa nne hadi saa tisa, nikairudisha, na multimita haikuonyesha mguso wowote. Nikaidondoshea maji kijiko kimoja tu, zikarudi omu 6,000. Chini ya skrubu ya mshale wa chini nilikuta unga mweupe kama ulivyosema, na waya wenyewe ulikuwa umegeuka kijani.

Mwishoni mwa wiki nimeibomoa pedi na kuijenga upya. Mabati yote sasa ni ya debe, tepe za upana wa sentimita 3 kando ya kingo nne kama dada Seremala alivyoelekeza, zikiwa zimelehemiwa kwa waya laini ili usikatike kwa kupindwapindwa. Povu ni la malapa, nililokata kwa wembe hadi unene wa milimita 3, na kabla ya kuligundisha nililiacha kwenye ndoo usiku kucha. Kitako nimekipaka vanishi pande zote pamoja na kingo, na nimekiinua kwa vipande vya mpira ili maji ya deki yapite chini bila kukigusa.

Namba mpya, pedi ikiwa tupu: hakuna mguso kwenye mishale yote minne, asubuhi na jioni. Ikiwa imekanyagwa: yote iko chini ya omu 1, hata kwa mdogo wake mwenye uzito wa kilo 19 akikanyaga pembeni. Bado natumia bodi ya kibodi, na Leonardo nimeiagiza pamoja na vikinzani vyake vinne. Jana jioni binti alicheza saa nzima, na mwishoni nilichomoa nyaya nikapima tena mshale wa kulia kabla hajaushuka vizuri. Akaniomba multimita, akapima mwenyewe mishale mitatu iliyobaki, akaandika namba kwenye daftari lake.

Bado nina swali moja kwa dada Seremala: ubao wa juu wa mshale wa kushoto hutoa mlio ukikanyagwa ukingoni, mbao kwa mbao. Je, nipunguze kingo kwa randa, au niweke kitambaa kati ya miraba?

Seremala wa Gikomba (Nairobi)

Punguza milimita 1 kila upande kwa randa, kisha paka nta ya mshumaa kwenye ukingo uliouranda. Kitambaa kitanyonya unyevu na kukurudisha kwenye shida ileile ya sponji.